Mgomba wa Baraka

Harufu ya jiki ilianza kunikaba kabla hatujaiacha Kemondo nyuma. Tulikuwa watatu kiti cha mbele cha pikapu ya shule: dereva Bashiri, mimi upande wa mlango, na katikati yetu mwanamke wa makamo mwenye ndoo ya plastiki magotini. Alikuwa ameifunika kwa kitenge na kuishika kwa mikono yote miwili, kwa sababu barabara ilikuwa ikipanda na ndoo ilikuwa imejaa. Nilichojua juu yake ni jina tu. Mwalimu Jovina, somo la kilimo.

"Fungua kioo, mgeni," Bashiri aliniambia. "Sisi tumeshazoea. Mwalimu anasafiri na dawa ya choo kama padri na mafuta ya wagonjwa."

"Padri humpaka mgonjwa akiwa bado hai," Jovina alisema. "Mimi nafika wameshakufa."

Nilidhani ni utani, nikatabasamu. Wao hawakutabasamu.

Nilikuwa nakwenda kwenye shule ya sekondari ya wasichana ya masista, juu ya kilima karibu na Muleba. Mkuu wa shule, Sista Getruda, alikuwa amenialika nikae wiki kadhaa nione jinsi mtaala mpya unavyofundishwa. Shule yake ilichagua mkondo wa amali, wa masomo ya kazi za mikono, na katika amali ikachagua kilimo. Nimetembelea bustani za shule katika nchi nyingi, na karibu zote ni kibao kizuri kilichosimama juu ya magugu. Nilitegemea kibao kingine.

Tulipofika Muhutwe, Bashiri hakufuata lami. Alikata kona kuelekea Kamachumu.

"Kuna nyumba moja tu," Jovina aliniambia. "Utanivumilia."

Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja aitwaye Georgina, mkulima wa migomba na kahawa kama jirani zake wote. Mjukuu wake Jenifa alikuwa anasoma kidato cha tatu shuleni kwa Jovina. Mtu anayekifahamu kibanja cha Mhaya, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, anajua kwamba kwanza ni kivuli. Migomba inafunika kahawa, kahawa inafunika maharage, chini kumetandikwa nyasi, na mchana wa saa saba unaweza kukaa humo usijue jua liko wapi. Kwa Georgina jua lilikuwa kila mahali. Liliingia mpaka mlangoni, likaangaza visiki vya migomba iliyokatwa vikiwa vimeanza kuoza, na kahawa iliyokuwa imebabuka kwa kukosa mwavuli.

Mbali na michache kule nyuma, mgomba mmoja tu ulikuwa bado umesimama karibu na nyumba. Ulikuwa umezungushiwa uzio wa matete, na kwenye tete moja ilitundikwa rozari ya mbao. Majani yake yalikuwa ya njano, yamevunjika shingoni na kuning'inia. Mkungu mdogo uliokuwa juu yake ulikuwa umeiva nusu na nusu bado kijani, kabla ya wakati wake.

Georgina alitutolea kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, kila mtu akachukua zake. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta la shule la zamani, bila shaka la Jenifa.

"Umekuja na ndoo yako tena, Ma Jovina," alisema, kwa jinsi Wahaya wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu.

"Nimekuja nayo, Ma Georgina. Naona umekata mingi."

"Inayoumwa nimekata. Si wewe uliyesema inayoumwa ikatwe?"

"Na huu je?"

"Huu hauumwi. Huu unateseka."

"Ma Georgina. Huu ndio ulioanza."

"Yesu naye alianza yeye kuteseka."

Bashiri aligeuka kuangalia upande wa pikapu. Jovina aliweka ndoo chini.

"Panga ulilokatia mingine ni lipi?"

"Ni hili. Nina panga jingine wapi?"

"Na huu wa baraka, majani yake makavu unayatoa kwa panga gani?"

Bibi alimtazama kama mtu anayeulizwa anakula kwa mdomo upi.

Hapo ndipo nilipoelezwa, pale pale, tukiwa tumesimama kwenye jua ambalo halikupaswa kuwepo.

Mtaala mpya unataka kila mwanafunzi awe na kazi mradi, kitu anachokifanya kwa mikono yake na kukitunza mpaka kionekane. Jovina aliwaagiza wasichana wa kidato cha kwanza kila mmoja alete chipukizi la mgomba kutoka kibanja cha kwao. Lilikuwa wazo zuri, na kwa Wahaya halikuhitaji kuelezwa, maana huku chipukizi hupewa bibi harusi, hupewa mgeni aliyehamia, hupewa jirani aliyepatwa na msiba, na mtu haulizi limetoka shina gani. Wasichana walikuja nayo kutoka Kamachumu, Nshamba, Kemondo, hata Nshambya na Bilele mjini Bukoba. Wakayapanda shambani kwa shule, wakayatandazia nyasi, wakapima majani na kuandika. Wathibiti ubora wa elimu walipokuja walipiga picha. Mwisho wa kidato cha pili, baada ya mtihani wa upimaji, kila msichana alichimbua mche mmoja kutoka shambani mle ili aurudishe nyumbani. Paroko, Padri Ildefons, mzee aliyebatiza nusu ya wazazi waliokuwepo, alipita katikati ya safu na maji ya baraka, akanyunyizia mche mmoja mmoja.

Kati ya machipukizi yale ya kwanza, moja au mawili yalikuja na mnyauko. Ugonjwa huu hukaa ndani ya mgomba kimya, na mche wenye afya machoni unaweza kuwa umeshahukumiwa. Visu vya kupogolea viliutoa shina hili ukaenda shina lile. Siku ya baraka, shamba la shule lilikuwa kijani kibichi. Wazazi waliibeba ile miche kwa furaha na kuipanda pahali pazuri kuliko pote, karibu na nyumba, penye mbolea nyingi.

Halafu Kwaresima Padri Ildefons akafariki.

"Angekuwa hai ningemfuata," Georgina alisema. "Ningemwambia, Padri, mche wako unaniua, niufanyeje? Angesema ng'oa, ningeng'oa. Sasa amelala. Nikiung'oa huu nimemng'oa yeye."

"Paroko mpya amesema kanisani ing'olewe," Jovina alisema.

"Yule kijana? Alisema, ndiyo. Alisema kama anayesoma tangazo la ndoa ya watu asiowajua."

Kwa hiyo watu walifanya hivi: walipoona migomba inanyauka, walikata yote iliyoumwa, wakauacha ule mmoja. Waliutunza. Waliutolea majani makavu kila asubuhi ili upate nguvu, kisha wakaingia na panga lile lile kwenye mingine. Katika safari zangu nimeona watu wakipoteza mashamba kwa vita, kwa mafuriko na kwa serikali. Sikuwahi kuona mashamba yakifa kwa uangalizi.

Georgina alitema kaka la kahawa pembeni.

"Sasa nami nikuulize," alisema. "Wewe kwako umeng'oa?"

Jovina aliinama akaishika ndoo yake.

"Mche wako uko kaburini, kichwani kwa mumeo Avit. Watu wanauona wanapopita kwenda kisimani. Una majani ya njano kama huu. Unabeba ndoo kwenye nyumba za watu, kwako hujang'oa."

"Kwangu kuna mambo yake, Ma Georgina."

"Na kwangu hayapo?" Bibi hakupandisha sauti. "Ng'oa wa kwako. Niite, nije nione kwa macho yangu. Nikiona, narudi hapa nang'oa huu, na jirani zangu wote wataniona. Wao wananitazama mimi. Mimi nakutazama wewe."

Tulipoagana, Jovina alichukua panga la bibi, akalitumbukiza ndani ya ndoo, akalishikilia humo huku midomo yake ikihesabu, kisha akalifuta kwa kitenge na kumrudishia.

"Kasinge, waitu," bibi alisema, na alimshukuru kwa dhati, kama mtu anayemshukuru mtoto aliyemletea kuni asizohitaji.

Tulirudi kwenye gari. Bashiri ndiye aliyeanza kusema.

"Mgeni, usimwone mwalimu mkaidi. Ule mgomba wake ndio mkataba wake wa nyumba."

"Niache nieleze mwenyewe," Jovina alisema, na akaeleza huku akitazama mbele.

Alizaliwa Nshambya, binti wa fundi seremala aliyekuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba. Alipenda udongo tangu utoto, na alipofaulu kwenda chuo alichagua ualimu wa kilimo wakati wenzake wanacheka. Kwa miaka mingi alifundisha masomo mengine, maana kilimo kilikuwa somo lisilo na mwalimu wala kipindi. Aliolewa na Avit, mwalimu wa hisabati, akahamia kwenye kibanja cha ukoo wao, mwendo mfupi kutoka shuleni. Walipata mabinti wawili, ambao sasa wako Mwanza na Geita na waume zao. Hawakupata mtoto wa kiume. Avit alipougua figo na kufa, alizikwa katikati ya migomba, kama baba yake na babu yake.

"Sheria ya nchi inanipa haki," Jovina alisema. "Ukoo unanipa jembe. Shemeji yangu Mwijage aliniambia mbele ya watu siku ya kuanua matanga: kaa, shemeji, kibanja ni cha kaka, kitunze. Maadamu kinasimama, unasimama nacho. Yalikuwa maneno mazuri. Watu walipiga makofi."

"Na ukikikata?"

"Nimeshindwa kukitunza."

Bashiri alibadili gia. "Na Ta Mwijage ana vijana watatu hawana pa kujenga," aliongeza, akitumia Ta kwa mwanamume kama Ma kwa mwanamke. "Mtu mwema yule. Lakini ana vijana watatu."

Shule ilikuwa safi kupita kiasi, kama shule nyingi za masista. Bendera, sanamu ya Bikira Maria ndani ya kibanda cha vioo, mabweni yenye majina ya watakatifu. Nyuma ya bweni la mwisho lilikuwa shamba la kazi mradi. Kibao kilikuwepo, kizuri, na chini yake ardhi tupu iliyochimbwa na kufukiwa, ikisubiri miezi ipite kabla haijapandwa chochote cha jamii ya migomba. Jovina aliing'oa yote mwenyewe na wasichana wake pale dalili ya kwanza ilipoonekana, na jioni ile ile alikwenda kwa Sista Getruda akamwambia, "Tumepeleka ugonjwa kwenye nyumba za watu. Nimepeleka mimi."

Niliingia darasani kwake siku ya pili. Kidato cha pili walikuwa wanajifunza mgomba ubaoni. Alichora shina, mzizi, mkungu na ua dume, akaonyesha kwa chaki ya rangi jinsi ua dume linavyovunjwa kwa kijiti cha panda wala si kwa kisu. Wasichana hawa wameifahamu migomba kabla ya kutembea, na walinakili ule mchoro kama wanavyonakili ramani ya Ulaya. Msichana mmoja aliuliza kama mwaka huu watapewa mche wa kupeleka nyumbani. Darasa lote likainama.

"Mwaka huu mtapeleka nyumbani maneno," Jovina alijibu. "Nayo msiyabariki. Yafuateni tu."

Sista Getruda alinipokea ofisini kwa chai. Alikuwa mtu wa kuona mbali, na nadhani alikuwa na huzuni ya kweli. Aliniambia kwamba wazazi wameanza kuhamisha watoto, wengine wakisema shule ina mkosi. Bodi ya shule imependekeza mwakani waache kilimo, wachukue ushonaji na upishi.

"Cherehani haiambukizi," alisema, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Jovina alikuwa amemwomba shule iitishe wazazi wote na kutangaza wazi kwamba miche ile ndiyo iliyoleta ugonjwa. Sista alikataa, au aliahirisha, ambayo kwa Sista ilikuwa njia ya adabu ya kukataa. Alihofia watu wangesikia kwamba baraka ya marehemu paroko ilikuwa na sumu. "Unajua watu wetu," aliniambia, ingawa mimi nilikuwa na siku mbili tu na sikumjua mtu.

Kwa hiyo kazi ilibaki kwa Jovina na ndoo yake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na wadudu wa mvua huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Kila juma lililopita lilikuwa na migomba yake. Alipita nyumba kwa nyumba baada ya vipindi, na kila nyumba, kwa heshima na kahawa za kutafuna, walimuuliza swali la Georgina.

Ijumaa moja alinikuta barazani kwa nyumba ya wageni.

"Kesho nang'oa," alisema. "Nimempigia Ma Georgina, anakuja. Nimemwambia na shemeji. Sitaki kufanya kama mwizi. Njoo, uwe mtu mmoja asiye wa ukoo."

Kibanja cha Avit kilikuwa bado kivuli. Hicho ndicho kilichonishtua. Nilitegemea uharibifu kama wa Kamachumu, nikakuta giza zuri la kijani, mikungu minene, nyasi laini chini ya miguu. Kwa miezi yote ile Jovina alikuwa anaosha kisu chake kwa kila shina, anavunja ua dume kwa kijiti, anafanya yote aliyowaambia watu wayafanye. Isipokuwa moja. Kaburi la Avit lilikuwa limesakafiwa kwa saruji yenye msalaba, na kichwani pake ulisimama mche wa baraka, wa njano. Na kando yake, alinionyesha kwa kidole, shina la pili limeanza. Na la tatu.

Georgina alifika kwa bodaboda, amevaa nguo yake ya kanisani. Alikataa kiti. Alikaa ukingoni mwa kaburi la baba mkwe wa Jovina, akatoa kahawa zake na kuanza kutafuna.

Mwijage alikuja wa mwisho. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia aliyoivua aliposalimia. Alitazama mgomba ule kwa muda.

"Shemeji," alisema, "mimi sikukatazi. Ugonjwa nauona. Mimi si mjinga."

"Najua, Ta Mwijage."

"Kata huu mmoja. Mingine iache."

"Huu mmoja hautoshi tena. Natakiwa nitoe na hii iliyouzunguka, mpaka pale kwenye ule mbuni wa kahawa. Ningeukata mwezi wa sita ungetosha."

"Mpaka kwenye mbuni ni nusu ya kibanja."

"Ni nusu."

"Basi ujue unachokata. Watoto wangu wataniuliza, baba, ulisema akitunze. Nitawajibu nini?"

"Wajibu kwamba nilikuwa nakitunza."

Mwijage alicheka kidogo, bila ubaya. "Hilo litafaa darasani, shemeji."

Georgina alisema kutoka pale alipokaa, "Mwacheni akate. Nimekodi pikipiki."

Jovina alianza na ule wa kaburini. Alichukua jembe, si panga, akachimba kuuzunguka taratibu ili asiguse saruji, na Bashiri, aliyekuwa ametusindikiza, alishuka garini bila kuombwa akamsaidia kusukuma. Mgomba haufi kwa kelele. Uliinama, ukalala juu ya msalaba wa Avit, wakauvuta. Pale uliposhikana na mzizi ulitoa uteute wa njano, mzito kama usaha. Jovina alimwita Georgina aje auone. Bibi alikuja, akainama, akaugusa kwa kidole, akakinusa.

"Nimeona," alisema.

Alijipangusa kidole kwenye nyasi, na Jovina akamkamata mkono kama anavyomkamata mwanafunzi, akautumbukiza ndani ya ndoo. Bibi aliacha mkono wake ushikwe. Kisha akapanda nyuma ya dereva wake wa bodaboda na kwenda zake.

Kazi iliendelea mpaka alasiri. Mwijage hakusaidia, wala hakuondoka. Mstari wa jua ulianzia kaburini, ukapanuka, ukafika kwenye mbuni. Ilipokwisha, nyumba ya Jovina ilionekana kutoka njiani kwa mara ya kwanza. Watu waliokuwa wakipita kwenda kisimani walisimama, wakatazama, wakaendelea.

Ukoo ulikaa wiki iliyofuata. Sikuwepo, ila Jovina alinisimulia yaliyosemwa, na yalikuwa machache. Walimshukuru kwa kumtunza kaka yao alipokuwa mgonjwa. Walimwambia nyumba inaweza kuwa yake mpaka apate pengine, lakini kibanja kitasafishwa na kupandwa upya na kijana mkubwa wa Mwijage, ambaye anataka kuoa. Mzee mmoja alitaja sheria na baraza la ardhi, akimwambia kama anataka kwenda huko aende, hawatamchukia.

"Utakwenda?" nilimuuliza.

"Niishi na nani baada ya kushinda?"

Nilidhani angalau Kamachumu imepona. Yeye alidhani hivyo pia, na nadhani hicho ndicho kilichomsimamisha siku zile. Alisubiri Jumapili, siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, aone watakaosema kwamba wameng'oa. Hakuna aliyesema. Walimsalimia kwa mbali. Baadaye Bashiri, ambaye husikia kila kitu kwa kuwa hubeba kila mtu, ndiye aliyetueleza pale jikoni kwa shule, akinywa uji.

"Wanasema hivi, mwalimu, usinikasirikie. Wanasema: aling'oa baraka kichwani kwa mumewe siku ya Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata akapoteza nyumba. Wanasema wameona kwa macho yao. Aliyekuwa na nia ya kung'oa ameghairi."

Jovina aliweka kikombe mezani.

"Na Ma Georgina?"

"Sijapita huko."

Shule haikumfukuza. Sista Getruda alimtafutia nafasi kwingine, mbali na minong'ono ya wazazi. Parokia ilikuwa na madarasa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, shule ya watoto wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa, watu waliotoka pande zote za ziwa na wanaohama samaki wakihama. Walimu hawakai kule. Kisiwa ni mwamba na mchanga, na hakuna mgomba hata mmoja.

"Nitafundisha nini?" Jovina alimuuliza, nami nikiwepo.

"Kila kitu," Sista alisema. "Isipokuwa kilimo."

Hakusema kwa kejeli. Ndivyo ratiba ya kule ilivyokuwa.

Mimi niliombwa nibaki. Kulikuwa na muhula wa kumalizia, hakukuwa na mwalimu, na Sista alikuwa amegundua kwamba najua Kiingereza na Kifaransa na nimesoma sayansi kidogo zamani. Nilisema sijawahi kupanda mgomba. Alisema haidhuru, sasa somo liko ubaoni.

Siku ya kuondoka, Bashiri alitupeleka mwaloni, ufukweni zinakopakia boti. Jenifa alikuja pia, kwa ruhusa ya Sista, kumbebea mwalimu begi. Alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka nyumbani, alikokwenda kumwuguza bibi yake kifua. Boti ya injini ilikuwa inapakia mchele, mafuta na magodoro. Mwanamke mmoja mchuuzi, Shilogile, aliyekuwa anarudi kisiwani na masanduku ya nyanya, alimkagua Jovina kwa jicho moja.

"Ndiye mwalimu mpya? Mwenye kukaa au mwenye kupita?"

"Mwenye kukaa."

"Wote husema hivyo wakiwa upande huu. Nyanya hizi nauza kule kwa bei mara tatu. Ungeleta hata mkungu mmoja ungepata rafiki."

Jovina alimgeukia Jenifa.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, mwalimu. Amesema nikupe pole."

"Ule mgomba?"

Jenifa alitazama viatu vyake. "Upo. Ulioko nyuma yake ndio umeanguka. Ameusogeza uzio, ameupanua kidogo, ili kuku wasiingie."

"Alinipa ahadi."

"Alirudi siku ile akachukua jembe. Baba zangu wadogo wakamzuia. Halafu ndiyo tukasikia habari za kwako. Akasema, basi, nimeelewa."

Jovina alitikisa kichwa taratibu. Mwenye boti alikuwa anaita majina ya mizigo.

"Na panga, Jenifa? Panga analiosha?"

Msichana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na habari njema ya kutoa.

"Anaosha, mwalimu. Kila mgomba. Hasahau hata mmoja."

"Kwa jiki?"

"Jiki ilimwisha. Anaosha kwa maji ya baraka."

Jovina alimtazama mwanafunzi wake kwa muda. Nilisubiri aseme kitu, maana muda wote niliokuwa naye hakuacha kosa lipite bila kulisahihisha. Alimshika Jenifa begani, akalibonyeza bega lile mara moja, akachukua begi kutoka mkononi mwake na kuingia majini mpaka magotini kuifuata boti. Shilogile alimnyooshea mkono, akampandisha, akamsogezea sanduku la nyanya akalie.

Ndoo ilikuwa imebaki kwenye pikapu. Bashiri aliiona wa kwanza, akapiga honi, akanyoosha mkono kuelekea boti. Jovina aligeuka. Alituonyesha kwa kiganja kwamba tuiache hapo ilipo, kisha akatugeuzia mgongo, akatazama upande wanakokwenda.

Tulisimama mpaka sauti ya injini ilipokwisha. Jenifa alipanda nyuma ya gari. Mimi niliingia mbele, nikakuta kiti cha katikati kina ndoo, nikaiweka magotini ili isimwagike barabarani.

"Tunarudi shule moja kwa moja," Bashiri aliuliza, "au tunapita Kamachumu?"

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha.